Tiketi Mbili, Jinja

Watoto walishalipa. Kwetu ilibaki kuchagua tu,
na toka saa tisa tuko gatini tunabishana.

Boti ya kwanza ina spika kubwa kama kabati la nguo;
kijana wa miwani anakijaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja,
na mbuzi wa kuchoma ananukia hadi huku majanini.
Ya pili ina vitambaa vyeupe, chai ya tangawizi,
na mhudumu anayenong'ona kana kwamba mto umelala.

Isabirye anaitaka ya kunong'ona.
Miaka thelathini na minne ya kengele za shule, asema,
masikio yangu nayo yanadai pensheni.

Mimi nilikuwa mkutubi.
Kidole mdomoni tangu usichana.
Leo nataka kukanyagwa mguu na mtu nisiyemjua.

Basi tukaachana palepale, kila mtu na tiketi yake.

Kule chanzoni, ziwa linapoanza kuitwa Naili,
boti zikapishana. Nikamwona kasimama ukingoni,
kikombe mkononi, uso wa mwalimu wa zamu,
na kiatu cha kulia
kikiuiba mdundo wetu.

Nikampungia.
Akauficha mguu.