Kilo Hamsini

Walianza kwa kuniibia taka.
Jumatatu nilikuta pipa la kantini tupu,
nikadhani ni mbwa, au ni malaika.
Jumanne akaja Asude mwenyewe, macho makavu:
"Ami Kazim, usitupe tena vizibo vya soda.
Usitupe chochote bila kutuuliza."
Mwaka wa kumi na tisa huu nashika funguo za shule,
sijawahi kuombwa niombe ruhusa ya kutupa.

Mji wetu ni wa chai na mvua.
Chai inapanda mlima mpaka mawinguni,
mvua inashuka mlima mpaka baharini,
na tulichokiacha njiani inakizoa:
mifuko ya mbolea, chupa, kandambili zisizo na wenzake.
Bahari Nyeusi inavipokea, wiki mbili, tatu,
halafu inaturudishia
kama jirani anayerudisha sahani bila kuiosha.

Basi wakashona. Maabara ikanuka gundi.
Zümra alizifumua kaseti za marehemu babu yake:
harusi, maombolezo, hotuba za mwaka gani sijui,
vyote vikawa pindo la gauni,
utepe mweusi unaometa, usiosema kitu.
Yiğit, ambaye hata kamba za viatu zinamshinda,
alijitungia fulana ya vizibo mia nane;
kila akigeuka analia kama droo ya vijiko.
Asude akachukua mifuko ya mbolea,
ile ile ambayo mama yake huipandisha mgongoni kila Aprili,
akashona koti refu, kola wima,
na kifuani akayaacha maandishi yalivyokuwa:
KILO HAMSINI. WEKA MBALI NA WATOTO.

Usiku wa maonyesho niliwasha taa zote,
hata ile inayopepesa.
Njia ya kupita tuliitandika magazeti ya zamani.
Wazazi walicheka pasipochekesha,
wakanyamaza pale Yiğit alipotaka wacheke.
Meya alizungumza dakika ishirini juu ya mazingira
akinywa maji ya chupa, kisha chupa ya pili;
niliwaona watoto nyuma ya pazia wakizihesabu.
Sijui kama kuna mtu aliyeelimika.
Najua tu kwamba mama yake Asude, mstari wa nne,
vidole vina ule weusi wa majani ya chai usiojua sabuni,
alipoliona koti aliinamisha uso.
Si aibu. Au ni aibu, lakini ya namna nyingine,
ya mtu aliyejikalia zake pembeni
mara akasikia anaitwa kwa jina.

Saa nne wakamaliza. Nikashika ufagio.
Na hapa niseme kweli, maana mwenye funguo ndiye anayebaki:
sakafu haikuonekana.
Vipande vya gundi ya karatasi, chenga za kung'aa,
vikombe mia mbili vilivyonywewa mara moja,
magunia mawili ya taka
yaliyozaliwa na somo la taka.
Mganga hajigangi, nikajisemea.
Nikayafunga shingo, nikayaburuta hadi mlangoni.

Nje ilikuwa mvua yetu ile,
inayonyesha kana kwamba inadai.
Wenye makoti ya sufu walibanana chini ya kibaraza,
Meya yu kwenye simu, dereva haonekani.
Akatoka Asude peke yake.
Hakukimbia. Maji yakampiga, yakateleza,
yakapita juu ya zile herufi za bluu
yasipate pa kuingilia.
Katikati ya uwanja akageuka, akamtafuta mama yake kwa macho,
akalifungua koti upande mmoja, kama mlango.
Mama akasita. Akatazama makoti ya sufu.
Akaingia.

Wakaenda hivyo, miguu minne chini ya kilo hamsini,
wakigombana kidogo nani anakanyaga wapi.

Nami nikasimama na magunia yangu mawili.
Lori la taka lingepita alfajiri.
Nikayatazama,
nikayarudisha ndani,
nikawasha taa ya maabara
na kuanza kuchambua.