Daftari la Bi Salhina

Chuo kikuu kimempa kiti na jina refu:
Mtafiti Mwandamizi wa Heshima.
Kiti kina magurudumu. Jina halina mshahara.

Miaka thelathini na moja kiwandani, Chake,
akiyachemsha makonyo waliyoyafagia wengine,
mvuke ukimwingia hadi kwenye mishono ya kanga.
Mumewe, Mungu amrehemu, akimwambia:
hata umeme ukikatika, wewe sikupotezi.

Leo wanafunzi wamefungua kompyuta,
wanayataka mafanikio yake, moja, mbili, tatu.
Mmoja anamsogezea kichupa:
"Bibi, nusa, utwambie kama ni safi."

Zamani tone moja kiganjani lilimtosha:
hili la makonyo, hili la majani,
hili kalitia mafuta ya taa mtu mwenye haraka.

Ananusa. Anacheka.
"Pua yangu nayo imestaafu, wanangu.
Homa ile iliichukua, haijairudisha."

Feni inazunguka.

Ndipo anapotoa daftari la jalada la kijani,
kurasa zimegandana kwa mafuta,
anafungua katikati, Jumatatu moja ya masika:
*Tumechemsha saa sita. Kuni, gari mbili za ng'ombe.
Mafuta robo chupa. Makonyo mabichi. Kosa langu.*
Na chini yake, kwa kalamu nyengine:
*Tuanike siku mbili zaidi.*

"Hilo," anasema, "liandikeni kwenye mafanikio."

Kijana wa mbele anaunyanyua ukurasa,
anauweka puani, macho yanamlowa.
Bi Salhina anamwinamia, sauti imeshuka:
"Niambie.
Lanukia bado?"