Kabla ya Ukuta

Ndewirwa ameng'oa masale ya baba.
Usiku, kwa sururu, miche kumi na mmoja,
kutoka kwenye mfongo hadi mgomba wa mwisho,
na asubuhi lori likamwaga matofali.
Aminieli akanipigia simu akihema:
"Wewe uliyesoma, njoo useme mpaka ulipita wapi."

Mimi nilisoma mimea, si ardhi.
Nilipanda Uru, nikaokota mzizi mmoja kwenye lundo,
ungali na udongo, ungali mbichi nchani,
nikaufunga kwa gazeti lililoloa
nikashuka nao mjini, maabara, mtaa wa Pasua,
mtaa unaoifaa kazi hii hata kwa jina.

Milimita mbili za ncha. Zaidi ya hapo ni mzizi mzee,
haugawanyiki tena, umeshaamua.
Nikaiua ncha kwa dawa ili itulie isomeke,
nikaitia rangi, nikazima taa,
nikainamia hadubini.

Kijani.
Seli kama vyumba vya nyumba ya kupanga,
kila moja imeganda pale kifo kilipoikuta:
hii inajiandaa, hii inagawanyika, hii ilimaliza zamani.

Tazama hii inayojiandaa.
Kiini kimekaa kati kama mwenye nyumba,
na nyuzi zake zote, nyuzi za tubulini
zilizokuwa zimetapakaa ukutani kama nyasi alizokanyaga ng'ombe,
zimeitwa. Nani ameziita?
Protini ndogo, zisizoonekana hata hapa:
moja inazibana mbili mbili kama vidole vya msusi,
moja inazikata zilizokwenda kombo.
Katanini, ndivyo inavyoitwa,
nami kila nikilitamka naona mashamba ya katani kule tambarare,
na naona kisu,
maana Kiswahili kililijua jina hilo kabla ya kulisikia.
Zikikatwa, zikibanwa, zinakuwa mshipi,
mshipi mmoja kiunoni mwa seli.
Hapa, unasema mshipi. Ukuta utapita hapa.

Kisha unavunjwa.

Hilo ndilo lililonikalisha kwenye kigoda mpaka saa nne usiku.
Ukuta haujajengwa hata tofali,
na mshipi haupo. Nikasogeza kioo kwenye seli ya jirani:
viini viwili vinaachana, kiunoni hakuna kitu,
giza tupu, kama pale mfongoni kwetu leo.
Na ya tatu: ukuta mchanga unaanzia katikati,
unatambaa kwenda pande zote, hauulizi,
unagota palepale.
Palepale.

Kuna zinazobaki. Nyuzi zikishakwenda zake
protini chache hukaa utandoni kimya,
haziwaki kwa rangi yangu hii, ningehitaji nyingine
ambayo bajeti iliikataa mwezi Machi.
Sikuziona. Naziamini kwa sababu ukuta umefika.

Jumamosi nikapanda tena.
Ndewirwa alikuwa na futikamba, Aminieli na panga la migomba,
mama kaketi juu ya matofali ili yasitumike.
Nikapiga magoti mfongoni.
Sikuwa na la kitaalamu. Nilipapasa tu,
na udongo ulikuwa mgumu, mgumu, kisha laini upana wa ngumi,
kisha mgumu, hatua mbili, laini.
Nikahesabu kumi na moja.

"Yanapinda," akasema Ndewirwa. "Mbona yanapinda?"
"Baba yako aliuzunguka msesewe," akajibu mama,
"ambao wewe hukuukuta."

Hakuna aliyetaja amani.
Aminieli alichomoa jani la isale kwenye lundo, limeshanyauka,
akalipiga fundo, akasimama nalo
kama mtu aliyeshika glasi iliyojaa pomoni,
asijue nani kati yetu anapaswa kulipokea.