Mvua ya Kopo

Tukuyu hunyesha mpaka kuta zikaota uyoga,
lakini siku ya kupiga filamu mvua iligoma.
Mjomba Asajile akapandishwa ngazi
na kopo la kumwagilia miche ya kahawa,
akaninyeshea mimi peke yangu:
hatua mbili za masika, pande zote jua kali.

Nilikuwa na miaka minane. Niliitwa Tabu.
Mama yake Tabu alikuwa amekufa,
kaburi limefinyangwa asubuhi ile na vibarua wawili
nyuma ya ghala la chai. Ndani hamna kitu.
"Usiitazame kamera," mwongozaji alisema.
"Kamera haipo. Yupo mama tu."
Wakanipaka kitunguu chini ya macho.
Nikalia hadi mshika taa akajifuta pua,
kisha nikauliza, "Nikae hivi hivi?"
maana magoti yalishaanza kuzama.

Mama Subilaga, yule wangu,
alikuwa hatua sita nyuma ya kamera,
mzima, na kilemba chake cha njano,
akiwamenyea viazi wageni.
Siku mbili hakunisemesha.
Ya tatu, akigeuza ndizi mekoni, akasema:
"Umenililia niko hai. Nikifa utanipa nini?"

Malipo yalikuwa raba za bluu na madaftari sita.
Mwaka uliofuata filamu ikaja Mbeya,
ikaoneshwa ukutani, jenereta likikohoa,
na tangu usiku ule sikulipata tena jina langu.
Sokoni Mwanjelwa: Tabu, njoo uchukue parachichi.
Kanisani, siku ya kipaimara: Tabu.
Hata aliyenioa, akikasirika,
"Usinililie kitunguu hapa."
Hatukudumu.

Filamu ya pili haikuja. Nikarefuka.
Kamera niliinunua kwa mzee Mwakalukwa,
mpiga picha za pasipoti pale Kabwe,
macho yake yalipoanza kuingia ukungu.
Sasa ni mwaka wa kumi na tisa nalitumia gazeti picha:
mafuriko ya Kyela, mbolea iliyochanganywa na mchanga,
mkuu wa wilaya akipanda mti
kwenye shimo lile lile la mwaka jana.

Mama alipokufa, safari hii kweli,
nusu ya Kiwira walikuja kuyatazama macho yangu.
Makavu.
Nilisimama na mikono isiyojua pa kukaa,
nikitafuta hata kamba ya kamera shingoni.
Mvua ikaja yenyewe, bila ngazi, bila mjomba.

Halafu Jumanne ile, mteremko wa Iwambi.
Lori la viazi, breki hakuna, kipanya mbele yake.
Viazi vilikuwa bado vinabingirika nilipofika,
na watu wanaviokota kwenye kanga
kabla gari la wagonjwa halijafika.
Sikuwahukumu. Niliwapiga picha.

Juu ya kalavati alikaa mtoto,
miaka saba, labda minane,
raba moja mguuni, nyingine mkononi.
Halii. Mwanga wa saa kumi na moja
umemwangukia shavu la kushoto
kama kwamba kuna mtu kaupanga.
Nikapiga goti. Nikavuta lenzi.

Akanitazama. Si pembeni:
ndani kabisa ya kioo, pale nilipokatazwa,
na taratibu, kama mtu anayetaka kusaidia kazi,
akauliza,
"Nikae hivi hivi?"

Neno pekee nililolijua la kumaliza jambo kama lile
ni "Kata!"
na mwenye kulitamka hakuwepo barabarani.
Nikakaa naye kwenye kalavati.
Nikamvalisha raba. Ilikuwa na kokoto ndani,
tukaanza kwa kuitoa kokoto.

Usiku mhariri akapiga simu.
Lori nimeliona, anasema, viazi nimeviona,
wameniambia kulikuwa na mtoto. Mtoto yuko wapi?

Nikamwambia mvua iliingia kwenye lenzi.
Iwambi siku hiyo
haikuwa na hata wingu.