Mlio wa Kigae

Mtihani wa gredi ya tatu ni saa mbili asubuhi, Tononoka.
Nimefua ovaroli, nimeianika usiku,
joto limeikausha kabla sijalala.
Ndani ya ndoo: mwiko wa meno, pimamaji,
uzi uliovaa chaki ya buluu, nyundo ya mpira,
na vitambara viwili vya kufunga magotini, maana magoti
ndiyo yanayolipa karo ya kazi hii.

Fundi Chengo hakuanza na vigae.
Mwezi mzima alinifunza sakafu tupu:
fagia, lowesha, gonga, sikiliza.
"Usibandike kitu juu ya uongo," alisema,
akanipa patasi nibandue plasta iliyovimba.
Kisha tatu, nne, tano,
namna nyuzi mbili zinavyokubaliana kwenye kona,
na kwamba chumba hupangwa kutoka katikati
ili vipande vilivyokatwa vijifiche nyuma ya mlango.
Kisha hesabu: mita za mraba, maboksi,
na moja katika kumi ya ziada, ya kuvunjika,
kwa sababu mkono nao ni mwanadamu.

Lakini mraba wangu niliupoteza Kibokoni,
kwa Bi Zulekha, bafu la ghorofa ya pili.
Ukuta wa matumbawe na chokaa ya zamani
haujui digrii tisini wala hautaki kujuzwa.
Timazi ikaning'inia, ukuta ukaenda zake.
Nikaudanganya kwa grauti, safu baada ya safu,
mpaka uso ukapendeza. Nikapiga picha.

Siku ya tatu akanipigia simu:
"Mwanangu, maji yako yamekataa kuondoka."
Niliyakuta yamekaa pembeni, kimya,
shimo la kuyatoa likiyatazama kwa mbali.
Nilibomoa vigae thelathini na viwili kwa mfuko wangu.
Aliniletea ukwaju wa baridi, hakunisema hata neno,
na hilo ndilo lililoniuma.

Basi karatasi ikiuliza mteremko wa sakafu ya bafu,
wengine wataandika walichokariri.
Mimi nitaandika sentimita moja na nusu kwa kila mita,
na nyayo zangu zitahisi baridi ya yale maji.

*

Wavulana sita na mimi.
Mmoja ameniuliza chakula nimemletea nani.
Kila mtu na kona yake: ukuta, sakafu, bomba moja
lililochomoza katikati ili lituaibishe.
Nimechana gundi kwa meno ya mwiko, mistari yote upande mmoja,
nimepachika misalaba ya plastiki,
nimekata duara la bomba, grinda ikipiga kelele,
vumbi jeupe likiniotesha ndevu.

Bwana Mwakio, msimamizi, shati limemganda mgongoni.
Anatoa sarafu ya shilingi ishirini,
anagonga, anainamisha sikio.
Ko. Ko. Ko.
Kigae kilichoshiba hujibu kwa ufupi.
Chenye njaa huropoka.

Safu ya pili kutoka chini, cha tano: nakijua.
Gundi ilikuwa imeshaota ngozi, nami nilikuwa na haraka,
yule wa chakula alikuwa ameshamaliza ukuta wake.
Sarafu iko cha tatu. Iko cha nne.
"Bwana, hicho kinachofuata ni kitupu."

Mkono wake unasimama hewani.
Halafu anagonga hata hivyo,
na kigae kinanishuhudia mbele ya wote.
Mtu anacheka. Bwana Mwakio hacheki.
Anateremsha miwani kutoka kwenye paji la uso,
anaandika jambo refu kuliko alilowaandikia wenzangu,
ameukinga ubao kwa kiwiko, sioni.

"Umebakiwa na muda gani?"
"Dakika kumi na mbili."
Anaitazama kona yangu, anaitazama saa,
kisha kwa ncha ya kiatu
ananisogezea patasi.