Maji ya Ukurasa wa Tatu

Kidato cha Pili B, Tandahimba, kipindi cha baada ya uji.
Hadithi ni fupi, kurasa nne tu:
karani wa ghala la korosho
anayeegemeza kidole gumba kwenye mizani.

Madaftari yalirudi mezani na sentensi moja:
"Karani ni mwizi."
Nikaandika kwa wino mwekundu hadi mkono ukachoka:
Umejuaje? Wapi? Nioneshe mstari.

Chitanda akasimama. "Mwalimu, si inajulikana?"
Inajulikana kwa nani, Chitanda?
Mhusika si jirani, hatumchungulii dirishani.
Tunacho alichosema, alichotenda,
na alichonyamazia.
Hapo penye kunyamaza
chimbeni taratibu, kama mnachimba ming'oko:
ukiwa na pupa, unaikata.

Wakainama tena. Harufu ya mabibo
ikaingia kutoka shamba la nyuma ya choo.

Somoe safari hii hakuandika mwizi.
Aliandika: "Ukurasa wa tatu, karani ananawa mikono mara mbili
kabla ya kumbeba mwanawe.
Mwandishi hasemi kwa nini.
Nadhani anaona haya.
Nadhani mtoto ameshajua."

Miaka kumi na moja nafundisha hadithi hii.
Maji yale sikuwahi kuyaona.

Nilitaka kuandika Vizuri sana,
nikakumbuka baba yake hushinda wapi
msimu wa mnada ukifika.
Kalamu ikabaki hewani.
Mwishowe nikaweka vema moja, ndogo,
pembeni mwa "nadhani" ile ya pili,
nikafunga daftari
polepole, kama mtu anayefunga mlango
wa chumba alimolala mtoto.