Daka la Ghorofa ya Kumi na Nne

Barke, mfuko wako nimeufikisha.
Ule wa zipu mbovu, ulioufunga kwa kamba ya kiatu:
Busan, Doha, Nairobi, ukateremka Manda,
ukavuka maji miguuni mwangu,
kisha punda wa Lali akaubeba hadi Langoni
na kusimama mwenyewe mlangoni kwenu.
Punda hasahau nyumba yenye maganda ya ndizi.

Mamako alikuwa anachambua mchele.
Hakuuliza mfuko. Alinitazama mikono,
kama anayetafuta pale uliposhika wewe tulipoagana.
"Ndoo, keti," akasema.
"Nambia. Mwanangu hula nini?"

Nikaanza na uongo mdogo, wa adabu:
kwamba achari ya ndimu ilifika salama.
Haikufika, wajua. Kopo lilipasuka ndani ya sanduku,
na siku kumi nzima nilinuka pilipili mjini kwako,
hadi kwenye treni ya chini ya ardhi
msichana mmoja akainuka, akahama kiti.
Tulicheka ukashindwa kusimama,
ukaketi kwenye ngazi za stesheni,
ukauvuta mkono wa shati langu, ukaunusa,
ukanyamaza.
Hilo sikumwambia.

Nilimwambia ngazi mia na tisini za kupanda kwako,
na kabeji wanayoichachusha mitungini
mpaka ikapata hasira.
Nilimwambia kazi yako: kwamba meli haing'oi nanga
kabla hujaingia tumboni mwake na kurunzi,
ukagonga chuma, ukasikiliza.
"Kama daktari?"
Kama daktari.
Akafurahi, akaokota kijiwe, akakitupa nje.

Nikamwambia na mvua ya Agosti,
iliyotufungia ndani siku tatu za likizo
niliyoiwekea akiba miaka minne ya chaki.
Mimi nilitaka mahekalu, nilitaka picha.
Wewe ukasema, "Njoo nikuonyeshe daka langu."

Ukafungua mlango. Nje, mbele ya lifti,
taa inayozimika mtu asipotikisika,
na viti viwili vya plastiki, vya buluu,
vimetazamana kama mabaraza yetu ya mawe;
kati yake birika lenu la kahawa,
lile lililotoboka tukiwa wadogo, likazibwa kwa risasi.
Tukaketi. Lifti ikafunguka, ikajifunga.
Kila aliyetoka ulimwamkia kwa lugha yake.
Wengi waliinamisha kichwa, wakakimbilia funguo zao.
Taa ikizimika, ulipunga mkono gizani,
ikawaka tena, tukaendelea na umbea wa Mkomani
tulipouachia.
"Mwaka wa kwanza," ulisema,
"walidhani nimefungiwa nje.
Wakaniletea fundi wa vitasa."

Hapo mamako alicheka, Barke.
Alicheka ungo ukamponyoka, mchele ukatapakaa ukumbini,
akajifuta macho kwa upindo wa leso.
Kisha akauliza, taratibu, akiokota punje mojamoja:
"Na kile kiti cha pili?
Siku ambazo wewe hukuwako, hukaliwa na nani?"

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa nimejidanganya kwamba ulikinunua kwa ajili yangu.
Lakini nakikumbuka sasa: kimechakaa kuliko chako,
mguu mmoja umefungwa waya kwa ustadi,
na juu yake mto uliofumwa kwa uzi wa kijani,
nawe, Barke, tangu madrasa
hujui kushona hata kifungo.

Mamako hakungoja.
Aliinuka, akapapasa katika kidaka cha ukutani,
akatoa vikombe viwili vya kahawa, vile vyenye mstari wa dhahabu
visivyotolewa ila kwa wageni wa posa,
akavizungushia gazeti, akanipa.
"Atakapopatikana msafiri," akasema,
na maneno mengine akayarudisha kwenye mchele.

Vipo hapa mezani pangu,
kando ya madaftari ya hesabu ambayo sijayasahihisha.
Kimoja najua ni chako.